Famasi na Wewe: "Sindano ananunua kwangu, na ARV anachukua kwangu"

Mwezi huu maswali ya presha na ya dawa za kuongeza damu nimeyaweka pembeni kidogo, walioyatuma mnisamehe. Zimefika barua nne zinazoongea kitu kimoja kutoka pande tofauti, utadhani wenyewe wamekaa benchi moja na hawajuani. Ni habari ya watu wanaojidunga unga, yaani heroini, huku wako kwa ARV, dawa za HIV, na sisi tunaokaa nyuma ya kaunta. Barua nimezifupisha, na chochote cha kumtambulisha mtu nimetoa.

Dada mfamasia, pole na kazi. Mimi nafanya kwenye famasi huku Kawempe. Tuna wateja wachache wa ARV ambao kliniki yao imewatuma wachukue dawa kwetu badala ya kupanga foleni hospitali. Kuna kijana mmoja, nimejua anajidunga kwa sababu hata sindano ananunua kwangu. Tarehe ya dawa anaipitisha kila mara, mara siku nne, mara wiki nzima. Juzi alikuja anasinzia amesimama, nikaogopa kumpa dawa. Bosi anasema nisimuuzie tena sindano na nimrudishe kliniki, eti anafukuza wateja. Mimi si kaunsela dada, nimesoma dawa tu. Nifanye nini? – Wa kaunta, Kawempe

Mdogo wangu, asante kwa kuandika, maana wengi wangemrudisha tu kliniki na kusahau.

Hebu hesabu na mimi. Daktari wake anamuona mara moja au mbili kwa mwaka akiwa imara. Chupa ya ARV anakuja kuchukua baada ya miezi 3, au 6 akipewa nyingi. Sasa sindano ananunua mara ngapi? Kwa wiki si chini ya mara mbili tatu. Kwa hiyo katika watu wote wa afya Kampala hii, anayemuona huyo kijana kuliko wote ni wewe, na kinachomleta kwako ni hiyo sindano ambayo bosi anataka uache kumuuzia. Ukimkatalia hataacha kujidunga, atachukua ya mwenzake kule geto wanakojidungia, na wewe hutamuona tena mpaka siku ya dawa, kama atakuja. Mimi hapo siyumbi hata kidogo: muuzie sindano mpya, muuzie na mbili, na kila anapokuja mtazame usoni umsalimie kwa jina.

Kuhusu kupitisha tarehe, nikwambie kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kwenye kidirisha cha dawa alikuwepo baba mmoja hivi, mpole, alikuwa anachelewa. Siku moja kulikuwa na foleni, nimechoka, nikamwambia kwa sauti "wewe tena umechelewa, hii dawa unafanyia mchezo?" Watu wakageuka. Alichukua chupa yake akasema asante musawo (yaani daktari), akaondoka, na hakurudi miezi mingi. Aliporudi alikuwa amekonda na anakohoa. Hakuna aliyenilaumu, hata yeye mwenyewe hakunilaumu, lakini mimi ninajua ni maneno yangu yale. Tangu siku hiyo swali la "umekosa dozi?" sijawahi kuuliza hivyo, kwa sababu jibu lake ni moja tu, "hapana musawo", na hapo mmeshafunga mlango wote wawili.

Uliza hivi: "Watu wengi dozi huwapita, wengine kazi, wengine wanalala. Wiki hii iliyoisha wewe zimekupita ngapi?" Halafu nyamaza, mwache afikirie. Akisema tatu, usishtuke, usitingishe kichwa, muulize tu siku hiyo ilikuwaje, alilala wapi, chupa ilikuwa wapi. Hapo ndipo utasikia ukweli, na ukweli mara nyingi ni kitu unaweza kusaidia leo leo. Mmoja atakwambia polisi walipita geto wakachukua mkoba wote na dawa ndani. Mwingine anaogopa chupa kwa sababu inalia kama njuga mfukoni na wenzake watajua, basi anahamishia vidonge kwenye karatasi, jasho na mvua vinaharibu (mwambie abaki na chupa na kile kifuko kidogo cha kukausha, ila aweke pamba juu ya vidonge, haitalia). Mwingine hana saa, hana simu, simu aliuza zamani. Kwa huyo usimwambie saa 2 kamili usiku, mfunge dawa na kitu anachofanya kila siku bila kukosa. Na ndio, kwa wengine kitu hicho ni sindano ya asubuhi. Najua kuna wasomaji watakunja uso hapa. Mimi nataka kidonge kimezwe.

Kuna hili lingine ambalo nalisikia sana na ni la hatari kuliko uvivu wote: mtu anaruka ARV kwa makusudi kwa sababu leo ametumia unga, au amekunywa waragi, na ameambiwa vikikutana mwilini vinakuwa sumu. Wengine tumewaambia sisi wenyewe wahudumu. Hii TLD ambayo Uganda ilianza kuihamia 2018, tenofovir na lamivudine na dolutegravir kwenye kidonge kimoja kwa siku, haigombani na heroini. Ametumia, ameze. Hajatumia, ameze. Amekumbuka saa 6 mchana badala ya saa 2 asubuhi, ameze saa hiyo hiyo, asingoje kesho, ila kesho asimeze viwili kwa mpigo kulipia. Mwambie kwa maneno hayo mafupi, na umwambie leo, usingoje tarehe ya dawa.

Na kama ana homa ya ini aina ya B, ambayo kwa wanaojidunga haishangazi, tenofovir na lamivudine ndizo zinazomshikia hata hiyo. Akikatisha ghafla ini linaweza kuwaka vibaya. Kwa hiyo kuacha "kidogo tu nipumzike" kwake ni kubaya mara mbili.

Sasa siku anayokuja anasinzia. Umefanya vizuri kuogopa, ila ogopa kitu sahihi. ARV haitamdhuru kwa sababu amelewa unga, mpe chupa yake, andika maelezo kwenye karatasi kwa sababu hatakumbuka, na mwambie mtaongea kesho. Kitu cha kuangalia ni pumzi. Mkalishe, ongea naye, mguse bega. Akiitika sawa. Asipoitika, pumzi inakuja moja moja au anakoroma kwa namna ya ajabu, midomo inageuka rangi, hiyo ni dozi imemzidi: mlaze kwa ubavu asijisonge, piga kelele upate msaada na usafiri, na kama famasi yenu ina nalokisoni, hapo ndipo kazi yake, inazuia unga kumfunga pumzi. Akizinduka usimwache aende peke yake, maana nguvu ya nalokisoni huisha kabla ya ile ya unga na anaweza kuzama tena. Ongea na bosi muwe nayo. Famasi inayouza sindano iwe na nalokisoni, mimi ndivyo ninavyoona.

Umesema wewe si kaunsela. Hakuna anayekudai uwe. Lakini kuna vitu viwili unaweza kufanya ambavyo kaunsela hawezi. Cha kwanza, kama analala nje au geto na chupa zinapotea, piga simu kliniki yake kwa ruhusa yake, mkubaliane dawa zikae kwako na yeye achukue za wiki moja moja, au ameze pale pale anapokuja kununua sindano. Huko Vancouver, Canada, kuna famasi ambazo kwa miaka mingi zinampa mtu methadoni yake ya siku (dawa inayochukua nafasi ya unga) na ARV yake kwenye kaunta ile ile, kikombe kimoja cha maji. Hakuna ajabu ndani yake, ni mtu anayekujua na glasi ya maji. Ila tafadhali, isiwe adhabu. Kuna kijana mwingine ana chumba chake, ana kufuli, na kumlazimisha aje kila wiki kwa sababu tu anajidunga ni kumuongezea nauli na kumpunguzia heshima, huyo mpe miezi yake 3 kama wengine. Swali ni dawa inalala wapi, wala si yeye ni mtu wa aina gani.

Cha pili, muelekeze Butabika kama yuko tayari, na hata kama hayuko tayari leo, ajue ipo. Hospitali ya taifa ya Butabika ina kliniki ya methadoni tangu 2020. Mtu anakunywa dawa yake ya maji kila siku mbele ya muuguzi, arosto, yale mateso ya kukosa unga, inatulia, anaacha kukimbizana na sindano asubuhi hadi usiku, na akili inapata nafasi ya kukumbuka vitu vingine pamoja na ARV. Tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa 2016 zilionyesha watu wa HIV walio kwenye tiba ya aina hii wanashika dawa vizuri zaidi na virusi vinashuka zaidi kuliko wasio nayo. Wenzetu Dar es Salaam walifungua kliniki ya methadoni pale Muhimbili Februari 2011, baadaye wakaunganisha na ARV hapo hapo. Ugumu ni njia. Kutoka Kawempe mpaka Butabika kila siku ya Mungu, taksi mbili kwenda na mbili kurudi, si kila mtu ataweza, kwa hiyo usimhukumu akijaribu akashindwa mara ya kwanza.

Bosi sasa. Mwambie mambo mawili kwa upole. Kwanza, hao wateja wanaokimbia wanakimbia kwa sababu mazungumzo yanafanyika mbele yao, basi tengenezeni kona, hata pazia, hata mgeuze kaunta kidogo, dawa ziwekwe kwenye mfuko usioonyesha ndani na jina lisiitwe kwa sauti. Pili, sheria ya HIV ya 2014 inafanya kuwa kosa kutoa siri ya hali ya mtu, kwa hiyo hata wewe ulipomueleza bosi angalia umesema kiasi gani. Na mkumbushe mwaka 2025 ulivyokuwa: msaada wa Marekani uliposimamishwa, sehemu nyingi ambazo vijana hawa walikuwa wanapumzikia na kupata huduma zilibaki bila pesa, na Wizara ya Afya ikaagiza kliniki za HIV ziunganishwe na OPD ya kawaida, yaani wagonjwa wa nje. Foleni ikawa moja na wenye mafua na malaria, wahudumu waliowazoea wakapotea. Kumrudisha kliniki leo ni kumrudisha kwenye benchi hilo, na wewe na mimi tunajua hatakaa dakika kumi.

Musawo, mimi niko Kisenyi. Nina HIV, nimeacha unga, mwaka sasa nakunywa methadoni Butabika, na ARV nameza vizuri. Mwezi uliopita wakanikuta na TB nikaanza dawa. Tangu wiki ya pili arosto imerudi kabisa, jasho, mwili kuuma, tumbo, sipati usingizi. Wenzangu wanasema nimeanza tena kwa siri. Nafikiria kuacha hizi dawa za TB, au niache ARV maana dawa zimekuwa nyingi. Sijarudi kwa sindano bado lakini niko karibu. – Naomba nisitajwe

Kaka yangu, pole sana, na hongera kwa huo mwaka. Hujaanza kwa siri na mwili wako haudanganyi. Ndani ya dawa za TB kuna moja inaitwa rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Hiyo inaliamsha ini lifanye kazi kwa kasi, na ini likishaamka linaichoma methadoni haraka kuliko kawaida. Unakunywa kipimo kile kile cha juzi lakini kinachobaki kwenye damu ni kidogo. Arosto yako ni ya kweli na sababu yake iko kwenye kadi yako ya TB.

Usiache hata moja. Nenda kesho asubuhi, kabla ya kunywa methadoni waambie maneno haya: "nimeanzishwa rifampisini tarehe fulani na napata arosto." Onyesha kadi. Daktari atakuongezea methadoni kidogo kidogo mpaka ikutoshe, hilo linajulikana na linafanyika. Wewe mwenyewe usijiongezee kwa unga, maana hapo hakuna anayejua kipimo.

Halafu uliza la pili, na hili watu wanalisahau. Rifampisini inaichoma hata dolutegravir. Kwa hiyo mtu wa TLD anayetibiwa TB huongezewa kidonge kingine cha dolutegravir cha miligramu 50, masaa 12 baada ya TLD. Angalia kama umepewa. Kama hujapewa, aliyekuandikia TB huenda hakujua uko kwa ARV, au aliyekupa ARV hakujua una TB, kila mmoja ana rejista yake na hawaongei. Hapo ndipo mtu wa famasi anapaswa kushika, kwa sababu yeye ndiye anayeona vidonge vyote kwenye mkono mmoja. Ukipata famasi moja, chukua kila kitu hapo, au angalau waonyeshe yote.

Na weka hili akilini, andika hata ukutani: tiba ya TB ya kawaida ni miezi 6. Ikiisha, ini linarudi kulala ndani ya kama wiki mbili, na methadoni uliyoongezewa sasa itakuwa nyingi kwako, unaweza kusinzia mpaka pumzi ikapungua. Wakati huo lazima wakupunguzie. Dolutegravir ya pili nayo huendelea wiki mbili hivi baada ya rifampisini kuisha ndipo inatolewa. Usikubali mtu akwambie TB imeisha nenda nyumbani bila kupita tena kwa daktari wa methadoni.

Kwa wenzangu wa kaunta mnaosoma hapa: ni hivyo hivyo kwa efavirenzi na nevirapini za zamani, nazo zinashusha methadoni, na bado kuna mtu mmoja mmoja anayezimeza. Mkiona mtu wa methadoni amebadilishiwa dawa yoyote na wiki moja baadaye amekuja anatetemeka, msimuite mwongo.

Dada, kaka yangu mkubwa anaishi na mimi hapa Busia. Anajidunga, na anameza ARV kwa sababu mimi ndiye ninayempa mkononi kila usiku. Sasa ana kiungulia, duka la dawa wamempa vidonge vya magnesiamu anatafuna baada ya chakula. Je, kuna shida? Na je, ninapomchukulia dawa niwaambie kwamba anajidunga, au nikae kimya? – Mdogo wake

Shida ipo lakini ni ndogo, ni ya saa tu. Magnesiamu na alumini za kiungulia zinaishika dolutegravir tumboni isiingie kwenye damu. Mpe ARV kwanza, ya kiungulia ingoje masaa 2 baadaye. Kama ameshatafuna ya kiungulia, basi ARV ingoje masaa 6. Kwa kuwa wewe unampa usiku, mwambie magnesiamu atafune mchana tu na mtakuwa mmemaliza. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu navyo vina tabia hiyo, ila hivyo vinaruhusiwa kumezwa pamoja na ARV kama anakula chakula wakati huo huo. Na kiungulia kikizidi wiki mbili apimwe, asiendelee kutafuna tu.

Swali lako la pili ndilo gumu. Siri ni ya kaka yako, si yako, muulize yeye kwanza. Ningependa mwenye famasi ajue, kwa sababu bila kujua hawezi kuona dawa zinapogongana. Lakini nimekaa kwenye kazi hii vya kutosha kujua kwamba kuna kaunta ukisema neno hilo unahesabiwa mwizi, wanaanza kukuangalia mkono. Basi pima mtu. Nenda siku ambayo hakuna watu, muulize swali la jumla, "mtu anayetumia unga akimeza hizi dawa kuna shida?", na usikilize anavyojibu. Anayejibu swali ulilouliza, huyo mwambie. Anayeanza kuhubiri, chukua dawa yako nenda. Na kitu kimoja zaidi, wewe mdogo mtu ukisafiri nani atampa? Anza sasa kumzoesha ameze mwenyewe siku mbili kwa wiki wewe ukiwa karibu, halafu tatu.

Dada, nimejichoma na sindano iliyotumika ambayo mteja aliirudisha kaunta kwenye karatasi. Ni jana jioni. Niko Katwe. Nisubiri nipime baada ya miezi 3?

Usisubiri. Barua yako nimeijibu kwa simu siku ile ile na ninashukuru ulienda, lakini nairudia hapa kwa wengine. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usipake jiki. Nenda kituo cha afya chochote kinachotoa ARV, sema umechomwa na sindano, unataka PEP, dawa za kuzuia HIV isikushike. Inaanzwa ndani ya masaa 72, na mapema ndiyo bora, ya jana jioni ianze leo, usiseme kesho. Unameza siku 28 zote. Waulize na chanjo ya homa ya ini B kama hujachanjwa. Halafu mwambie bosi anunue kile kiboksi cha manjano cha kutupia sindano, kikae upande wa mteja wa kaunta, ili anayerudisha atumbukize mwenyewe na asiikabidhi mkononi mwako. Na aliyeirudisha usimkasirikie, angeweza kuitupa njiani watoto wanapopita. Akija tena mwonyeshe kiboksi kilipo.